Naomba ushauri: kupima umakini wa wazee kwa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo)

Wakuu, habari zenu. Naandaa utafiti wa umakini kwa wazee ambao kumbukumbu imeanza kuyumba, ila shughuli za kila siku bado wanazimudu. Nitatumia EEG: mlio uleule unajirudia, mara mojamoja unaingia wa tofauti, na mzee anabonyeza kitufe akiusikia. Ninalolitafuta ni wimbi la P300, yaani mwitikio wa ubongo unaohusiana na umakini, linalotokea takriban milisekunde 300 baada ya mlio huo. Kwa kundi hili mara nyingi huchelewa. Sasa, wengi wao masikio yameshapungua nguvu. Nitajuaje kilichochelewa ni umakini na si usikivu? Nihamie kwenye picha badala ya milio? Huko nako kuna kupepesa macho, kunachafua mawimbi balaa. Mliowahi kufanya, mliamuaje?