Tupeane uzoefu: uliingia msitu wa Wales, ukakutana na nini?

Mzaramo_Cardiff
Wakuu, salaam. Jana nimepita nyuma ya ngome ya Castell Coch, ule msitu wa Fforest Fawr juu ya kijiji cha Tongwynlais. Majani yameiva yote, dhahabu na kutu, njia nzima huoni udongo. Nimekumbuka nilivyoogopa mara ya kwanza kuingia msitu wa nchi hii. Hakuna simba, hakuna chatu, lakini moyo ulikuwa unadunda. Tupeane uzoefu: mlioenda na watoto, mlioenda na wazee waliotoka nyumbani, mliopotea, mliofurahi. Mdogo wangu anakuja na familia yake na anataka kujua pa kwenda.

Mama Abdul
Umenigusa. Gambuti. Sisemi zaidi. Raba mwambie aziache nyumbani, matope ya huku yanavua viatu.

Bwana Miti
Mimi nilitoka SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, nikaja Bangor kusomea misitu, chuo kinachofundisha somo hilo tangu 1904, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Msitu mchanganyiko wa huku una ghorofa. Juu kabisa miti ya mwaloni na ash, chini yake vichaka vya hazel, hapa na pale holly ambayo haipukutishi majani, na chini kabisa maua. Nenda mwishoni mwa mwezi wa nne au mwanzoni mwa wa tano. Maua ya chini huwahi kuchanua kabla majani ya juu hayajafunga, maana yakishafunga jua halifiki tena. Ndipo utaona maua ya bluebell yametanda buluu mlima mzima, wiki chache, basi. Msizikanyage kwa ajili ya picha, zikishapondwa zinachukua miaka kurudi. Na kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa, sheria ni ya 1981.

Mimi ni mtoto wa Tabora, nimekulia kwenye misitu ya miombo. Miombo inapukutika kiangazi halafu inachipua majani mekundu kabla mvua haijaja. Huku wekundu ni wa kuaga. Nilikaa muda mrefu kabla macho yangu hayajakubali.

Jambo jingine: mkiona ash iliyokauka matawi ya juu, msipumzike chini yake siku ya upepo. Kuna ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa Uingereza mwaka 2012, unaua miti hiyo kwa wingi, na tawi linakatika bila taarifa. Ndiyo maana mnaona mingine imekatwa kando ya njia.

Binti Pangani
Mimi sitasahau bundi. Tulikuwa msitu wa Wentwood, mwezi wa kumi na mbili, saa kumi jioni jua limeshazama na mume wangu bado anapiga picha. Bundi akalia juu yetu, mwingine akajibu ng'ambo ya bonde. Kwetu bundi akilia karibu na nyumba watu wanaulizana nani mgonjwa. Nilisoma Ayatul Kursiyu mpaka mlango wa gari. Tangu siku ile alasiri ikiingia mimi msituni nimeshatoka.

Bwana Miti
Dada, ni jike na dume wanaitana. Wanalinda eneo lao la kuwinda panya. Hakuna uchuro hapo.

Binti Pangani
Nani kakuuliza kuhusu panya? Tumeambiwa tutoe uzoefu, nimetoa wangu. Ulisoma miti, hukusoma kifua changu.

Mama Abdul
Mwache Binti. Hata mimi ningesoma.

Mkamba_Wrexham
Tusigombane jameni. Ukweli ni kwamba giza la huku huja mapema sana. Ikifika hiyo miezi ya baridi, ukifika msituni saa nane mchana umechelewa.

Nangonyani
Sikutaka kuandika, lakini Bwana Miti ametaja miombo na nimeshindwa kulala.

Mama yangu alikuja kutoka Songea kunisaidia mtoto mchanga. Mwezi wa kumi tukaenda msitu mmoja wa Gwent, mialoni na beech, mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Toka ashuke Heathrow mama alikuwa mnyonge, kila kitu lazima aulizie, jiko haliwezi, mlango hauwezi. Alipoona uyoga chini ya ile miti alibadilika. Akawa mama ninayemjua. Anatembea mbele yetu, anafukua majani kwa kijiti, anatuamrisha. Akajaza mfuko.

Uyoga wenyewe ulikuwa mzuri kwa macho. Kofia ina ukijani hafifu, chini ya kofia kweupe, shina lina pete, na ukiufukua mpaka mwisho umekaa kwenye kikombe cheupe kama kifuko kilichopasuka. Mama alinionyesha kile kikombe, akasema, "Unaona? Ni wenyewe." Kwa sababu ule tunaoula masika nyumbani nao una kikombe.

Mchana akaupika, akaunga kwa karanga. Mimi nilikuwa naingia zamu, nikatoka bila kula. Watoto wangu hawagusi uyoga. Walikula mama na mdogo wangu wa kiume, na mdogo wangu aliongeza.

Narudi usiku, wazima, wanaangalia TV. Saa sita usiku ndipo mama akaanza kutapika, kisha kuhara maji matupu, kisha mdogo wangu naye. Mimi ni nesi. Uyoga unaokutapisha ndani ya saa moja au mbili mara nyingi unaishia hapo. Unaokaa kimya kwa muda wa saa nane mpaka kumi, ndio wa kuogopa. Nikapiga 999, namba ya dharura, halafu nikainamia pipa la taka nikatoa mabaki yote: vile vikombe, vishina, na uliobaki sufuriani. Nikavitia kwenye mfuko wa karatasi tukaenda navyo.

Hospitali wakatuma picha kwa mtaalamu wa uyoga. Jibu likarudi kabla ya alfajiri: death cap. Kisayansi ni Amanita phalloides. Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Ule wa miombo tunaoula sisi ni Amanita loosii. Jenasi moja! Mama hakuwa mjinga. Alichojua ni sahihi kabisa, ila ni sahihi Songea.

Kesho yake jioni kutapika kukakata. Mama akakaa kitandani, akaomba chai, akasema nimepona, nirudishe nikamwogeshe mtoto. Mdogo wangu akaanza kuvaa viatu. Daktari akakataa. Alinivuta pembeni akaniambia huu ndio utulivu wa uongo, sumu iko kwenye ini sasa hivi. Siku iliyofuata vipimo vya ini vikapanda, macho ya mdogo wangu yakawa manjano. Dripu usiku na mchana, damu inachukuliwa kila mara, wakaanza kutaja kupandikiza ini. Mama akaacha Kiswahili. Akawa anaongea Kingoni kitupu, anamwita bibi yangu ambaye alishafariki. Nesi aliyekuwa zamu akaniuliza mgonjwa anasema nini. Sikuweza kumjibu.

Walipona wote wawili, namshukuru Mungu. Mdogo wangu ndiye aliyechelewa. Nawaombeni kwa jina la Mungu, mkiwaleta wazazi, waambieni mapema kabla hamjafika kwenye miti.

Mama Abdul
Subhanallah. Pole sana mwanangu.

Kijana_wa_Kigamboni
Nimesoma nikiwa kwenye basi, nimepitiliza kituo. Mzaramo, badilisha kichwa cha mada, kila anayekuja na mzazi aione hii.

Mshika_Jembe
Pole dada. Swali: angechemsha, akamwaga maji ya kwanza?

Nangonyani
Haitoki. Kuchemsha, kukaanga, kukausha, kumenya, hakuna kinachoitoa.

Mshika_Jembe
Babu yetu alikuwa anatia kijiko cha fedha sufuriani. Kikiwa cheusi, sumu.

Bwana Miti
Hicho kijiko kimeshazika watu. Na yule atakayekuja kusema "ukiona umeliwa na konokono ni salama", hapana. Konokono anakula death cap na anaendelea na safari yake.

Mkamba_Wrexham
Poleni kwa yaliyowapata, kwa kweli. Lakini tusiseme uyoga wote. Mimi huokota ile ya njano kila vuli, jirani yangu mzee Mwelisi alinifunza, hata huko kwenu miombo mnayo ya njano. Watu wa hapa wamekula miaka yote.

Nangonyani
Kaka, na mama yangu naye alifundishwa. Na miaka yote alikula.

Mkamba_Wrexham
Sawa, lakini alifunzwa kwingine. Mimi nimefunzwa papa hapa.

Binti Pangani
Mkamba, umeambiwa mtu alikuwa anamwita marehemu, wewe unatetea uyoga wa njano. Uyoga duka la Tesco wanauza.

Mama Taji
Jamani samahani nikivunja mazungumzo. Nilimkuta kupe nyuma ya goti la mwanangu tulipotoka matembezi, mdogo kama mbegu ya ufuta. Mnafanyaje?

Mshika_Jembe
Mafuta ya taa. Anaachia mwenyewe.

Nangonyani
USIPAKE chochote. Wala mafuta, wala moto. Chukua kibanio chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja taratibu, safisha. Halafu muangalie mtoto wiki kadhaa zinazofuata. Ukiona wekundu unatanuka kama duara pale alipong'atwa, au homa, nenda kwa daktari na umtajie kupe, kwa sababu kuna ugonjwa wa Lyme. Ukimtoa mapema hatari inapungua sana.

Mama Abdul
Na suruali uichomeke ndani ya soksi. Watoto wanalalamika, lakini soksi.

Bukavu_Newport
Miye niko Newport, natoka Bukavu. Sisi tulikuwa tunaogopa pori, kule kwetu pori ni ya watu wenye bunduki. Hapa mama mmoja wa kanisa alituchukua, watoto wakakimbia, wakapiga makelele, hakuna mtu alisema kitu. Miye nikalia. Sikuwa na huzuni, nikalia tu.

Bwana Miti
Ndugu Bukavu, karibu. Mwezi wa tano ukisikia ndege kekeo (cuckoo) anaita kule milimani, ujue ametoka kwenu. Waliwahi kuwafunga kekeo wa Wales vifaa vya setilaiti mwaka 2012, wakawaona wanakaa kipindi cha baridi kwenye bonde la Kongo kisha wanarudi. Hata wood warbler, yule ndege mdogo wa kijani na njano anayeimba kwenye mialoni, kipindi cha baridi huwa yuko misitu ya Afrika.

Bukavu_Newport
Aksanti sana. Nitawaambia watoto.

Kijana_wa_Kigamboni
Na mimi niseme la kwangu. Maporomoko ya Pontneddfechan. Tulikuwa kikundi, tukateremka mpaka Sgwd yr Eira, pale unapopita nyuma ya maji. Pazuri sana, sidanganyi. Kurudi, mwenzetu akateleza kwenye jiwe lenye kuvumwani, kifundo kikavimba palepale, simu zote hazina mtandao. Ilibidi wawili wapande mpaka juu kutafuta mtandao. Piga 999, omba polisi, halafu waambie unataka mountain rescue, waokoaji wa milimani. Walikuja watu wa kujitolea, wengine wametoka kazini, wakambeba kwa machela kwenye zile ngazi. Hawakutudai hata senti.

Mkamba_Wrexham
Sajilini simu zenu kwa 999 ya ujumbe mfupi. Tuma neno "register" kwenda 999, ufuate maelekezo. Pahali sauti haipiti, ujumbe waweza kupita.

Binti Pangani
Hapo umeongea la maana.

Mama Taji
Halafu yale majani yanayonukia kitunguu saumu, yanaliwa? Msitu mzima ulinukia pilau.

Bwana Miti
Yanaliwa, lakini katikati yake huota mmea mwingine wenye majani ya sumu, ukivuna kwa kuzoa unaokota vyote. Nusa jani mojamoja.

Nangonyani
Mimi nasema nunueni sokoni.

Mzaramo_Cardiff
Ahsanteni wote, na dada Nangonyani pole kwa yote. Mdogo wangu amesoma, anauliza: ana mtoto wa miaka mitatu na mama mkwe mwenye magoti mabovu. Aende maporomoko au Fforest Fawr?

Kijana_wa_Kigamboni
Maporomoko aachane nayo, ngazi zile ni adhabu kwa magoti.

Mama Abdul
Fforest Fawr. Njia pana zipo, mabenchi yapo, na ngome iko karibu mvua ikizidi. Aende asubuhi.

Binti Pangani
Asubuhi kabisa.