Kiyoyozi cha chumba cha mita 4 kwa 4: BTU 12,000 au 18,000?

Mama Fuoni:
Assalaam alaykum. Chumba chetu cha kulala ni mita 4 kwa 4, juu bati na dari, dirisha linatazama magharibi. Tunalala mimi, mume wangu na mtoto mchanga. Kaskazi hii mtoto ametoka harara mwili mzima, roho inaniuma. Muuzaji ananishikilia nichukue cha BTU 18,000 (BTU ndio kipimo cha nguvu ya kupoza), eti kikubwa ndio salama. Ni kweli?

Fundi Baridi:
Waalaykum salaam dada. Usikubali. Kwa joto letu anzia BTU 600 kwa kila mita ya mraba: 16 mara 600 ni 9,600. Ongeza bati na jua la alasiri, basi 12,000 inatosha. Cha 18,000 kitapoza upesi kisha kizime kabla hakijavuta unyevu. Mtalala kwenye baridi yenye majimaji, shuka zinanata, na kule kuwaka na kuzima kunachosha kompresa. Sisi watu wa pwani unyevu ndio unaotutesa. Chukua cha inveta, kinachopunguza kasi chenyewe badala ya kuwaka na kuzima; Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, itakaa zaidi.

Mkaazi wa Bububu:
Pazia zito dirishani kwanza, na uzibe mianya ya mlango. Kama mko karibu na bahari, kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi kiwekwe upande usiopigwa na upepo wa bahari, chumvi inakila.

Mama Fuoni:
Ahsanteni sana. Na mtoto je?

Fundi Baridi:
Upepo usimpige moja kwa moja. Weka nyuzi 25 au 26, na chujio lioshwe mara kwa mara.