Uturuki nje ya maduka ya Laleli: tupeane uzoefu

Mzigo Kilo 46: Wakuu habari zenu. Nimekwenda Istanbul mara saba kufuata nguo, na ninachokijua ni Laleli, Merter na ofisi ya kago basi. Mwezi ujao naenda tena, nina siku nne za ziada. Waliowahi kutoka nje ya maduka, mliona nini? Porojo za vipeperushi sitaki.

Kibonge wa Tandika: Hapo hapo Laleli panda tramu, ushuke Sultanahmet. Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, utaingia tu, jengo limesimama tangu mwaka 537. Mimi kilichonishika ni tangi la kale la maji chini ya ardhi, jirani yake, wanaliita Yerebatan. Nguzo 336 kwenye giza. Mbili zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa. Wajenzi waliokota mawe ya majengo ya zamani wakayapachika tu, kama fundi wetu na tofali la kuazima.

Binti Pangani: Nilisoma Izmir. Pamukkale tulikwenda Januari, kosa la kwanza. Kuyapanda yale majabali meupe lazima uvue viatu, yasichubuke. Nikajua maji ni ya chemchemi ya moto, nitajikanda miguu. Kumbe yanatoka ardhini na nyuzi 35 hivi, yakiteremka yanapoa, na penye ukavu jiwe ni barafu tupu. Kwa mbali unaona pamba, ukikanyaga ni chokaa iliyoganda, inakwaruza kama msasa. Nilipanda viatu mkononi, machozi yananitoka, bibi mmoja wa Kituruki akanipita anacheka, naye peku vilevile! Juu kuna magofu ya mji wa kale wa Hierapolis, na bwawa la maji ya uvuguvugu ambamo unaogelea juu ya nguzo za kale zilizoangushwa na tetemeko. Nilikataa kutoka.

Mstaafu wa Moshi: Efeso, kijana wangu. Tulikwenda na kikundi cha kanisa, tukaketi kwenye ule ukumbi wa mawe wa watu kama 25,000, walipomfanyia Paulo ghasia. Mama mmoja akaanzisha pambio, sauti ikafika juu bila kipaza. Nikauliza bandari iko wapi, nikaoneshwa mashamba. Mto umejaza tope, bahari imehama kilomita kadhaa. Hekalu la Artemi nalo limebaki nguzo moja, korongo kajenga kiota juu yake.

Mzigo Kilo 46: Siku nne zinatosha Pamukkale na Efeso?

Binti Pangani: Zinatosha kaka. Basi la usiku hadi Denizli, mji ulio jirani na Pamukkale, kisha treni hadi Selçuk, jirani na Efeso. Ila usiende Januari.

Mzigo Kilo 46: Mwezi ujao ndiyo Januari, dada.

Binti Pangani: Basi beba taulo.