Semina za kuwaandaa wanawake kwa wawekezaji zinatupotezea muda: tunafundishwa kujiamini, hatufundishwi hesabu wala mikataba

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za biashara ndogo na za kati, na wengi wa wateja wangu ni wanawake wanaotafuta mwekezaji wa kuwaongezea mtaji. Karibu kila anayekuja kwangu amekwisha kupitia semina, kambi ya mafunzo au shindano fulani la wajasiriamali wanawake. Ana cheti, ana picha za hafla, ana wasilisho lililopangwa vizuri. Ninapomwomba mizania (hesabu ya mali, madeni na mtaji) ya miaka mitatu, taarifa ya mtiririko wa fedha na jedwali linaloonyesha nani anamiliki hisa ngapi, anashangaa, kwa sababu katika mafunzo yote aliyohudhuria hakuna mtu aliyemtajia kwamba vitu hivyo vitahitajika.

Lawama zangu ziwafikie waandaaji wa mafunzo hayo na wafadhili wanaoyalipia. Mnatumia siku nzima kumfundisha mwanamke namna ya kusimama, namna ya kupaza sauti na namna ya kusimulia maisha yake kwa dakika tatu, kisha mnampa saa moja ya mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuchoka, kwa ajili ya kile mnachokiita "masuala ya fedha". Simulizi nzuri humpatia mtu kikao cha pili tu. Baada ya kikao hicho huja orodha ya nyaraka: taarifa za benki, marejesho ya kodi, mikataba ya wateja na wafanyakazi, orodha ya wadai na wadaiwa, hati za umiliki wa mitambo na wa alama ya biashara. Hapo ndipo biashara nyingi za wanawake zinapokwama, na wakati huo waandaaji wamekwisha kuandika ripoti yao kwa mfadhili kwamba wanawake kadhaa "wamewezeshwa".

Nitoe mfano mmoja bila kumtaja mhusika. Mteja wangu ana karakana ya kushona sare, ana wateja wa kudumu, na mauzo yake yanapanda kila mwaka. Mwekezaji aliipenda biashara hiyo, akamtuma mhasibu wake. Mhasibu akakuta akaunti moja ya benki ikipokea malipo ya wateja na kutoa ada za shule za watoto. Akakuta vyerehani vya umeme vimenunuliwa kwa jina la mume. Akiba ambayo mteja huyu aliiweka ili karakana ianze haikuandikwa popote, si kama mtaji wala kama mkopo wa mwenye biashara, kwa hiyo mchango wake mwenyewe katika karakana yake hauna ushahidi. Kilichoniuma zaidi ni mshahara. Hajawahi kujilipa hata senti moja, akiamini kwamba huko ndiko kujitolea kwa ajili ya biashara. Mhasibu alipoingiza katika hesabu mshahara ambao angelipwa meneja mwingine kwa kazi ileile, faida iliyokuwa ikitangazwa kwenye wasilisho ikayeyuka karibu yote. Mwekezaji akaondoka kwa heshima, na mteja wangu akabaki akidhani kwamba hakujieleza vizuri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na biashara hiyo ilikuwa mali kwelikweli. Mambo yote manne niliyoyataja yanarekebishika. Akaunti hutenganishwa kwa siku moja. Mitambo huhamishiwa kwenye jina la kampuni kwa hati ya mauziano, au kampuni huikodi kwa mkataba. Fedha ya mwanzo huandikwa ilikotoka na kuwekwa upande wake katika mizania. Mshahara, hata ukiwa mdogo, huingizwa kila mwezi ili faida inayosomeka iwe faida ya kweli. Lakini mwekezaji hapendi hesabu zilizosafishwa wiki iliyopita. Anataka kuona mwenendo wa angalau mwaka mmoja, na ikiwezekana miaka mitatu. Maandalizi haya basi huanza mapema sana, kabla mtu hajafikiria hata kutengeneza wasilisho, na semina inayomwacha mwanamke aende kwa wawekezaji mwezi ujao bila kumwambia hivyo inamdhulumu.

Kuhusu jina la mume kwenye mitambo, naomba tusilichukulie kama jambo dogo la kifamilia. Nchini Marekani, hadi sheria ya umiliki wa biashara za wanawake ilipopitishwa mwaka 1988, kulikuwa na majimbo ambako mwanamke aliyeomba mkopo wa biashara aliweza kutakiwa alete ndugu wa kiume aweke saini. Sharti hilo la saini limeondoka, lakini mitambo ikiwa na jina la mume, saini yake itahitajika tu, na mwekezaji atajiuliza anaingia ubia na nani hasa.

Sisemi kwamba wawekezaji hawana lawama. Wanayo, na imepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba wasilisho lilelile, maneno yaleyale, lilipendwa zaidi liliposomwa kwa sauti ya mwanamume. Mtafiti Dana Kanze na wenzake walichunguza maswali yaliyoulizwa katika shindano la kampuni changa jijini New York kati ya mwaka 2010 na 2016, wakakuta kwamba wanaume waliulizwa zaidi jinsi watakavyokua, ilhali wanawake waliulizwa zaidi jinsi watakavyoepuka hasara. Takriban theluthi mbili ya maswali kwa kila upande yalikuwa ya namna hiyo. Walioulizwa kuhusu kukua walipata fedha nyingi zaidi mara kadhaa. Mwaka 2018 kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group ilitoa uchambuzi ulioonyesha kwamba kampuni changa zilizoanzishwa na wanawake zilizalisha mapato ya senti 78 kwa kila dola iliyowekezwa, wakati zile za wanaume zilizalisha senti 31, na bado wanawake walipewa chini ya nusu ya kiasi walichopewa wanaume. Mtu anayetuambia kwamba mwanamke ni mteja wa hatari kwa mtaji asome takwimu hizo kwanza.

Hata hapa mafunzo yanatuangusha, kwa sababu utafiti huohuo wa Kanze ulionyesha njia. Waliojibu swali la hasara kwa jibu la ukuaji walipata fedha nyingi zaidi kuliko waliobaki kujitetea. Ukiulizwa utawazuiaje wateja wasihame, taja kwa namba ni wangapi kati yao wamerudi kununua tena, kisha, bila kungoja swali jingine, eleza soko hilo ni kubwa kiasi gani na fedha hiyo itakufikisha wapi. Huo ni ustadi unaofundishika mchana mmoja. Nauliza kwa nini hamuufundishi, na badala yake mnawaambia wanawake wajiamini, kana kwamba kasoro iko moyoni mwao.

Sasa nije kwenye mikataba, ambako hasira yangu inazidi. Mwanamke anaambiwa kwamba biashara yake ina thamani ya milioni 80 na mwekezaji ataingiza milioni 20. Je, hizo 80 ni kabla ya fedha kuingia au baada? Zikiwa ni kabla, jumla inakuwa 100 na mwekezaji anachukua asilimia 20. Zikiwa ni baada, anachukua asilimia 25. Robo ya kampuni au moja ya tano yake inaamuliwa na neno moja katika sentensi, na nimekutana na wanawake waliotia saini bila kuuliza ni neno lipi.

Kuna pia kifungu cha nani analipwa kwanza biashara ikiuzwa. Tuchukue mwekezaji huyo wa milioni 20 mwenye asilimia 20. Biashara imeyumba, ikauzwa kwa milioni 30. Kama mkataba unampa haki ya kurudishiwa kwanza fedha yake au kuchukua mgawo wa hisa zake, kutegemea kipi ni kikubwa, anachukua 20 na mwenye biashara anabaki na 10. Kama unampa fedha yake na pia mgawo wa kinachobaki, anachukua 22, yaani 20 zake na asilimia 20 ya zile 10. Kama umeandikwa kwamba anarudishiwa fedha yake mara mbili, yaani 40, anachukua zote 30, na mwanamke aliyebaki na asilimia 80 ya hisa anatoka mikono mitupu. Hesabu hiyo anaiweza mtoto wa shule, lakini sijaona semina iliyoiandika ubaoni.

Lipo na jambo ambalo waandaaji hawathubutu kuliuliza: je, biashara hii inahitaji mwekezaji wa hisa? Mifuko mingi ya uwekezaji huwa na muhula wa takriban miaka 10, na ndani ya muda huo meneja wake lazima auze hisa zake ili awarudishie wenye fedha. Anatafuta biashara itakayokua kwa kasi na kununuliwa na mwingine. Biashara inayoleta faida ya wastani kila mwaka, yenye wateja waaminifu na isiyo na mnunuzi anayeingoja, inafaa zaidi mkopo, au kukodi mtambo kwa mkataba, au malipo ya awali kutoka kwa mteja mkubwa. Kumsukuma mwanamke wa namna hiyo auze hisa kwa sababu tu shindano linadhaminiwa na mifuko ya hisa ni kumtumia, na sitatafuta neno laini zaidi.

Ninachodai kwa waandaaji ni hiki. Siku ya kwanza yote iwe ya vitabu vya hesabu, na kila mshiriki aje na vyake, hata vikiwa daftari la mkono. Mkataba halisi, majina yakiwa yamefutwa, usomwe kifungu kwa kifungu. Na sehemu ya bajeti inayokwenda kwenye ukumbi na wapiga picha imlipe mwanasheria atakayekaa upande wa mwanamke siku ya kutia saini, kwa kuwa yule aliyeandika mkataba analipwa na mwekezaji na anamtumikia mwekezaji. Waandaaji mliomo humu, naomba mjibu hapahapa: ratiba yenu ijayo ina saa ngapi za hesabu na ngapi za mikataba?