Anakojoa kwenye poti vizuri, ila haja kubwa anaogopa na kudai pampasi

MamaWaUyole
Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba msaada wa mtu anayelijua jambo hili kwa undani. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 9. Kukojoa kwenye poti ameshaweza, mchana kutwa chupi ni kavu. Tatizo ni haja kubwa. Akibanwa anajificha nyuma ya kochi, anasimama kwa ncha za vidole, anakaza makalio mpaka jasho linamtoka, kisha analia apewe pampasi. Akinyimwa anapitisha siku tatu hata nne, na choo kikitoka ni vigololi vigumu. Choo chetu ni cha shimo, kiko uani. Akifikishwa mlangoni tu anang'ang'ania shingo ya aliyembeba. Bibi yake anashauri pampasi zifichwe na akichafua nguo achapwe kidogo. Mimi moyo unakataa. Nianzie wapi?

NesiMafinga
Mama, usimchape, na pampasi usizifiche kwanza. Anza na tumbo, poti itafuata.

Kule kusimama kwa vidole na kukaza makalio, wengi hudhani mtoto anasukuma. Hapana, anazuia. Mara nyingi mambo huanza hivi: siku moja choo kilikuwa kigumu, kikamuumiza, pengine kikachana ngozi ya njia ya haja. Akaamua hatoi tena. Choo kikikaa ndani, utumbo unaendelea kufyonza maji yake, kinazidi kuwa kigumu na kikubwa, na siku kikitoka kinamuumiza zaidi ya mara ya kwanza. Hofu inapata ushahidi. Ukimchapa hapo unaongeza maumivu mengine juu ya yale yale anayoyakimbia.

Kikizuiwa wiki nyingi, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka na mtoto hasikii vizuri kuwa amebanwa. Ndipo choo laini huanza kuvuja pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi. Watu husema "ana uvivu" au "anaharisha". Hana uvivu, na ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha unamfunga zaidi.

Chakula: kwa huko Mbeya huna shida. Parachichi bivu, papai, mapeasi na maganda yake yakiwa yameoshwa vizuri, maharage yaliyoiva na kupondwa, mboga za majani kila mlo. Uji uwe wa dona au ulezi badala ya sembe. Maziwa yasizidi takriban nusu lita kwa siku, maana mtoto aliyeshiba maziwa hali mboga wala matunda. Maji ampatie aliye naye kidogo kidogo, kikombe kikae mahali anapokiona; kipindi cha baridi cha Juni hadi Agosti watoto husahau kunywa, nasi watu wazima tunasahau kuwapa.

Usimpachike kipande cha sabuni wala kumpiga bomba la dawa za majani. Sabuni huunguza ngozi laini ya ndani, na kwa mtoto anayeogopa sehemu hiyo kuguswa, hofu inakua maradufu. Chakula kisipobadilisha hali ndani ya wiki mbili hivi, mpeleke kituo cha afya. Ipo dawa ya maji ya kulainisha choo, laktulosi, inayopimwa kwa umri na uzito. Kosa kubwa ni kuiacha mara choo kinapolainika. Mara nyingi hutumika wiki kadhaa, hata miezi, mpaka mtoto asahau maumivu, na hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya mtaalamu.

Usisubiri wiki mbili ukiona tumbo limevimba na kukaza, anatapika, ana homa, anapungua uzito, au damu ni zaidi ya michirizi midogo juu ya choo. Vilevile kama tabu ya choo ilianza tangu alipozaliwa.

MleziTukuyu
Naongezea upande wa hofu yenyewe. Choo kikishakuwa laini kwa siku kadhaa, na si kabla, mwondoe kwenye pampasi kwa ngazi ndogo ndogo.

Kwanza avae pampasi akitaka, ila ajisaidie karibu na poti, siyo nyuma ya kochi. Akizoea, akae juu ya poti na pampasi yake. Halafu ilegeze kiunoni. Halafu ikate tundu chini kabla ya kumvalisha, choo kidondokee kwenye poti huku kiuno bado kimefunikwa. Mwisho ilaze tu ndani ya poti, yeye akae bila kuvaa. Kila ngazi ikae mpaka aifanye kwa utulivu siku tatu nne mfululizo. Akikataa, rudi ngazi moja nyuma bila kununa. Wazazi wengi huharibu hapa: wakiona amefanya mara moja wanaruka ngazi mbili.

Wakati mzuri wa kumkalisha ni dakika 15 hadi 30 baada ya kula, hasa baada ya uji wa asubuhi, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huanza kusukuma. Akae dakika tatu mpaka tano, si zaidi. Nyayo zote mbili ziguse chini au kibao, magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Miguu ikining'inia, misuli ya chini haiachii. Mpe kikaratasi akipulize kipepee: akipuliza anasukuma kwa tumbo bila kujikaza.

Msifu kwa kukaa, hata kama hakuna kilichotoka. Ukimpa biskuti kwa kutoa choo tu, siku choo kisipokuja atajiona ameshindwa.

Na jambo ambalo watu hulidharau: kwa umri huu mtoto anaweza kuamini kuwa kinachodondoka ni sehemu ya mwili wake. Mweleze kwa maneno yake: "Tumbo limechukua chakula linachokitaka, hiki ni kilichobaki, wewe uko mzima." Usiseme "ee, kinanuka!" mbele yake. Msimwambie pia kwamba shimoni kuna zimwi au nyoka ili asichezee huko. Tishio hilo linafanya kazi vizuri mno.

FundiSoweto_Mbeya
Kuhusu choo cha shimo, mtoto ana haki ya kuogopa. Tundu la mtu mzima linaweza kufika sm 25 au zaidi kwa upana, na miguu yake haifiki kwenye vikanyagio. Kwa sasa aachiwe poti ndani. Akizoea, seremala akutengenezee kifuniko cha mbao cha sm 60 kwa 60 chenye tundu la sm 12 hadi 15. Chini yake pigilia vipande viwili vya mbao vinavyoingia ndani ya tundu kubwa, ili kisiteleze. Hapo ndipo vifuniko vingi vinakosewa, mtoto anakanyaga kinacheza, basi harudi tena. Ukingo piga msasa, mbao paka rangi ya mafuta pande zote, la sivyo itanyonya mkojo, inuke, ioze. Weka na kishikio cha mbele cha kushika kwa mikono miwili.

Giza nalo tatizo. Bati moja la plastiki angavu juu ya choo linabadilisha kila kitu mchana. Usiku asipelekwe nje.

Poti ya plastiki asubuhi ya Julai ni baridi kali. Isuuze kwa maji ya uvuguvugu, ikaushe, ndipo akae. Soksi miguuni, suruali ya lastiki isiyo na zipu wala mikanda.

MamaWaUyole
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mawili: bibi nimwambieje bila kumkosea heshima? Na dei kea wanataka asiwe na pampasi kabisa.

NesiMafinga
Bibi mpe kazi, usimpe hoja. Mwambie, "Mama, nesi amesema choo chake kigumu kinamuumiza, naomba utusimamie matunda na maji yake, na umkalishe baada ya uji." Akishaona vigololi vimekuwa laini, habari ya fimbo itakufa yenyewe.

Dei kea zungumza na mlezi ana kwa ana. Mpelekee nguo za kubadilisha seti tatu na mfuko wa kuweka zilizochafuka, na poti ile ile ya nyumbani kama wanaruhusu. Muombe amruhusu kutoka mara tu anapobanwa, asisubiri zamu, maana kuambiwa "ngoja" ni kumrudisha kwenye kuzuia. Kinachotoka kwenye poti kiende chooni pamoja na maji ya kusuuzia, kisimwagwe bustanini, kwani choo cha mtoto kinaambukiza kama cha mkubwa. Kisha mnawe kwa sabuni, wewe na yeye. Usiku muache na pampasi. Kukauka usiku ni jambo jingine kabisa na huja baadaye.