Ubingwa wa dunia wa chesi: sare imwachie bingwa taji, au waende matuta?

KeteNyeusi (Sinza):
Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mechi ya ubingwa ikiisha sare, taji la nani? Zamani bingwa alibaki nalo. Botvinnik alinufaika 1951 kwa Bronstein, tena 1954 kwa Smyslov, zote 12-12. Kwangu ile ni dhuluma. Mpinzani hajafungwa, anarudi kwao mikono mitupu! Bora hii ya sasa, wakitoka sare wanaingia michezo ya haraka, ya saa fupi, ndiyo matuta yao.

Mama_Farasi:
Mkuu, taratibu. Sevilla 1987, bingwa Kasparov aliingia mchezo wa 24, wa mwisho, akiwa nyuma ya Karpov pointi moja. Ilibidi ashinde ndipo taji libaki. Akashinda, ikawa 12-12. Bingwa Kramnik naye 2004 kwa Leko, hivyohivyo. Sasa tazama London 2018, bingwa Carlsen na mpinzani wake Caruana: michezo 12, sare 12. Ule wa mwisho Carlsen alikuwa vizuri zaidi ubaoni, akaomba sare hatua ya 31. Kwenye saa fupi yeye ni moto, akamaliza 3-0. Mtu ana matuta mfukoni, ahatarishe nini?

Fundi_Saa:
Wacheze mpaka mmoja ashinde sita. Basi.

KeteNyeusi:
Moscow 1984 walijaribu. Karpov na Kasparov, miezi mitano, michezo 48, sare 40. Ikasimamishwa Februari 1985, Karpov 5, Kasparov 3, bila mshindi.

Mzee_wa_Vizibo (Temeke):
Wanangu, mimi ni mtu wa drafti. Kwetu chini ya mwembe mkitoka sare, bingwa hanyanyuki kwenye benchi. Hakuna anayenung'unika, maana kila mtu anajua kabla vizibo havijapangwa.

Mama_Farasi:
Shikamoo mzee. Ila mwembeni aliyekosa anarudi kesho jioni. Hawa wanangoja miaka, na kuipata tu nafasi ya kumkabili bingwa ni vita. Mimi naunga mkono wanaosema michezo ya haraka ichezwe KWANZA, kabla ya ile mirefu. Atakayeshinda, mirefu ikiisha sare taji ni lake. Mwenzake anajua tangu siku ya kwanza kwamba lazima ashambulie, na bingwa hapewi kitu bure.

KeteNyeusi:
Hapo umenishika dada. Lakini huyo mwenye faida si atapaki basi michezo yote 14?

Mama_Farasi:
Apaki. Karpov pale Sevilla alihitaji sare moja tu mchezo wa 24. Akajilinda saa nyingi, na taji akalikosa.