Naomba ushauri: kutia njumu ya fedha kwenye kitako cha bunduki

Wakuu, habari za kazi. Nina kipande cha fedha chenye umbo la jani, unene milimita 1.5, nataka kukitia njumu (kukizamisha kwenye mbao kiwe pambo) kwenye kitako cha bunduki cha mbao ya walnati, ubavuni penye mbinuko. Nimekikunja kikafuata mbinuko, nikachora ukingo kwa ncha ya kisu, sasa nachimba kwa patasi nyembamba. Kipande cha fedha nakipaka masizi ya mshumaa, nakibonyeza shimoni, kisha nakwangua mbao palipoachwa weusi. Katikati kinakaa barabara. Kasheshe ni kwenye ncha ya jani: nyuzi za mbao zinamomonyoka, na kitako ni cha zamani, hakina mbadala.

Je, pale kwenye ncha niache patasi nitumie kisu tu? Na gundi ya epoksi peke yake itakishika, au nitie na pini za fedha kabla ya kusawazisha kwa tupa?